Walikoma Hapa

Ujumbe ulinikuta Nakuru nikipaka rangi geti la mtu. Mwalimu Josphat amepumzika, ulisema, mazishi ni Ijumaa nyumbani kwake Londiani, ukiweza kuja njoo. Aliyeutuma simjui. Nadhani namba yangu aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, maana mimi si wa kupatikana kwa urahisi. Nilimaliza upande wa kwanza wa geti, nikaosha brashi, nikaketi juu ya ndoo. Nilitarajia huzuni. Kilichokuja kwanza ni neno moja la Kiswahili, na baada ya neno likaja bega langu la kulia, ambalo lilianza kuuma palepale lilipokuwa likiuma mwaka wa tisini na sita.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na shule nilikuwa nimeiacha zamani. Sikufukuzwa. Nilitoka darasa la saba siku moja kwa sababu nilitaka kujua lori la magogo lililopita pale kila asubuhi lilikuwa linaenda wapi. Lilikuwa linaenda Elburgon. Tangu hapo nilikuwa nimechuma majani chai, nimekamua ng'ombe wa watu, nimechimba viazi, na kila mahali nilikaa mpaka maswali yakaniishia. Jina langu ni Mogaka, ambalo kwetu Kisii maana yake ni mzee. Lakini kwa Wakipsigis wengi niliokaa nao, hasa waliokula chumvi nyingi, g na k hupita mlango mmoja, kwa hiyo kuanzia Londiani hadi Roret niliitwa Mokaka, na niliitika. Aliyelitamka sawasawa ni Mwalimu Josphat peke yake. Alikuwa Mkipsigis kama wao, lakini alikuwa amesoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alipojua maana ya jina alicheka sana, na kutoka siku hiyo akaniita Mzee.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye koti moja la kijivu la mvua na la jua. Mimi nilikuwa kibarua kwenye shamba lake la viazi. Siku moja alinikuta nimeketi kwenye tuta nikisoma gazeti lililokuwa limefungia nyama. Akaniuliza ninasoma nini. Nikamwambia, bei ya ng'ombe ya mwaka jana. Akaniambia niingie ndani nile. Nilipewa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameniwekea mbele daftari jeusi, akanitaka nisome kwa sauti. Nilisoma. Akasema, "Mzee, sauti kama hii inapotelea kwa viazi." Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba nina kitu cha kupotea.

Daftari lilikuwa la Njia ya Kengele. Wengi mtakuwa hamjaisikia, kwa sababu siku hizi haitembewi. Zamani za reli, mhubiri mmoja Mzungu alishusha kengele ya kanisa kwenye stesheni ya Londiani, na wanaume wanane wakaibeba kwa mti mabegani, kupita msituni, kupita Kericho, mpaka kilima kimoja juu ya Roret. Pale, daftari lilisema, mvua na baridi viliwashinda. Walikoma hapa bila kulalamika. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kibao cha mbao juu ya kilima, na watu waliyaelewa namna moja tu, kwamba wale wanane pumzi ziliwakoma chini ya mzigo. Mwaka ule tuliitembea njia hiyo mara nne, siku nne kila safari, tukiwa watu sitini au sabini. Kwenye kila kituo nilifungua daftari nikasoma, na watu wazima wakavua kofia.

Hatukubeba kengele. Ilishapotea. Tulibeba gogo la saipresi lenye uzito wa kengele, wanane kwa wanane, na gogo lilikuwa na sheria moja. Anayebeba haombi kupokewa. Unatembea na maumivu yako mpaka mwenzako wa nyuma aone mwenyewe, akuguse mgongo, aseme, "Nakupokea." Kama haoni, unaendelea. Mimi sikuwa mtu wa dini sana, na bado siwezi kusema ni nini kilichonitokea chini ya lile gogo, lakini kitu kilitokea. Siku ya tatu, kwenye barabara ya vumbi jekundu katikati ya chai, bega linakuwa si lako tena. Maswali yananyamaza. Unasikia miguu kumi na sita ikikanyaga pamoja, na unajua kwamba aliye mbele yako ni Mkipsigis na aliye nyuma ni Mkisii, na miaka minne kabla, kwenye mapigano ya kikabila, pengine mmoja wao alikuwa amekimbia nyumba ikiwaka moto na mwingine anajua aliyeiwasha. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Walipokezana gogo. Mkono ulipogusa mgongo wangu na sauti ikasema nakupokea, mara mbili nililia, na sikuona haya.

Lakini maswali kwangu hayanyamazi muda mrefu. Baada ya safari ya pili nilimuuliza Mwalimu makaburi yako wapi. Watu wanane wafe kilimani, na kusiwe na hata jiwe moja? Alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichovunjika kona. Akasema bila kugeuka kwamba zamani zile Wakipsigis hawakuwa wakizika kila mtu, waliwaachia fisi. Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa kweli kuhusu zamani. Nililikubali. Leo nikikumbuka, namwona kwenye kile kioo akiniangalia kama nimelikubali.

Mwezi wa nane, kwenye safari ya tatu, nilikanyaga vibaya nikishuka kilima, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Wenzangu walipaswa kurudi. Nikaachwa kwenye nyumba iliyokuwa karibu, ya mama mmoja mkongwe aliyeitwa Tabutany, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Alisali kwenye kanisa dogo lingine bondeni, si letu, na nadhani ndiyo sababu hakuna mtu wetu aliyewahi kukanyaga kwake. Nilikaa siku kumi na mbili jikoni mwake. Nakumbuka lile jiko kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye: vibuyu vya mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, vimening'inia ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, moshi uliopata njia yake kwenye nyasi za paa, kuku aliyetaga chini ya kitanda changu na kudai pongezi kila asubuhi. Kogo alinikanda mguu kwa majani ya moto, akanipa ugali wa wimbi na mboga chungu zilizolazwa na maziwa, na alinicheka kwa namna ninavyokula haraka. Alisema mtu akila hivyo ni kwamba amezoea kuitwa.

Siku ya nne au ya tano aliniuliza sisi huimba nini pale juu. Alidhani tunaomba mvua. Nikamweleza habari ya wale wanane, nikamwambia kwa sauti yangu ya daftari kwamba walikoma hapa. Akatikisa kichwa kukubali. "Eeh, walikoma," akasema. "Baba yangu alikuwa mmoja." Nikampa pole kwa baba yake. Akaniangalia kama niliyesema kitu cha kitoto.

"Pole ya nini?"

"Ya kufa kwa baridi, Kogo."

"Nani amekufa?" Aliweka mwiko chini. "Nimekwambia walikoma. Kama watu wa majani chai wanakoma. Walikuwa na njaa. Huyo mzungu alikuwa na mkate kwa sanduku, na sanduku ni wao wanabeba. Wakaweka kengele chini, wakakaa kwa nyasi, wakamwambia, beba wewe. Halafu wakaenda nyumbani." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mokaka, kama walikufa hapo, mimi nilizaliwa na nani? Na fisi?"

Nilikaa na kibuyu mkononi. Waligoma. Walikuwa wamegoma. Mtu fulani aliyekuja na kalamu zamani alimuuliza mzee fulani, na mzee akasema kwa mdomo wake walikoma hapa, na mwenye kalamu akaandika alichosikia. Kutoka kwa herufi moja wakaja mvua, baridi, kifo, uvumilivu, gogo letu na sheria yake. Tulikuwa tumefundishwa kutoomba kupokewa kwa heshima ya watu walioweka mzigo chini. Kengele, Kogo alisema, ilikaa kwenye nyasi miaka, mbuzi wakipanda juu yake, mpaka ikachukuliwa na wasiojulikana.

Siku niliyoondoka aliacha utani. Alisema hajali watu kuimba, waimbe. "Lakini mnaombea baba yangu kama kondoo iliyokufa kwa baridi. Waambie alirudi kwake kwa miguu yake." Nikamwambia nitawaambia. Akauliza, "Wewe, ama huyo Mwalimu wako?" Nikasema Mwalimu mwenyewe. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema jua litatoka.

Mwalimu alinisikiliza chumbani kwake nyuma ya kanisa, katikati ya magunia ya viazi. Nilipomaliza alipuliza jiko, akachemsha chai, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Aliniuliza ni nani mwingine nimemwambia. Nikasema hakuna. "Umefanya vizuri kuanza na mimi, Mzee," akasema. Halafu akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu kuliomba: Desemba, safari ya mwisho wa mwaka, Kogo aje kilimani, aseme mwenyewe mbele ya watu wote. Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Niliona kwamba huyu ndiye mtu ambaye ukweli hauwezi kumtisha, na nilikuwa na bahati kuliko vijana wote wa Londiani.

Siku ya pili ya safari ya Desemba tulifika mapema mchana kwenye holi ya wafanyakazi ya shamba moja la chai upande wa Kericho, tulipokuwa tukilala kila safari. Nilikuwa nyuma nikisugua sufuria kwa jivu, chini ya dirisha, na ndani Mwalimu alikuwa akiongea na ofisa wa shamba, mtu mnene mwenye sauti laini. Ofisa alisema mwaka umekuwa mgumu, watu wa majani wameketi chini bila kuchuma mara mbili, na wakubwa wanauliza hawa wanaopita na gogo wanakumbuka nini hasa. Mwalimu akajibu kwa neno moja: "Uvumilivu." Ofisa akasema, basi njia ni yenu, hata mwaka ujao. Wakacheka kidogo. Niliyasikia yote hayo kwa masikio yangu na nikaendelea kusugua sufuria. Nilifikiri anamzungusha ofisa. Nilifurahi hata, nikaona Mwalimu ni mjanja.

Siku ya nne nilitangulia kumchukua Kogo. Alikuwa amevaa gauni la bluu na kitambaa kipya kichwani, na nilibeba kigoda chake kichwani kupanda kilima huku akinitania nyuma kwamba hatimaye nimepata mzigo wa saizi yangu. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Gogo likawekwa chini. Mwalimu akamsalimia Kogo kwa Kikipsigis, salamu ndefu, ya heshima, akishika mkono wake kwa mikono miwili, na Kogo akajibu vizuri, na nikaona mabega yake yakishuka, yametulia. Akaanza kusema, kwa lugha yake. Mwalimu akainua mkono taratibu.

"Kogo," akasema, "ongea Kiswahili, watu wote wasikie. Hapa hakuna kabila."

Watu walipiga makofi. Na mimi, nitakiri, niliguswa. Nilidhani ananifikiria mimi.

Kisha akamuuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, wale wabebaji walifanya nini mahali hapa. Kogo alijiweka sawa kwenye kigoda. Alikuwa amelisubiri swali hilo tangu mwezi wa nane, au pengine maisha yake yote.

"Walikoma," akasema.

"Walikoma," Mwalimu akarudia, pole pole, akiwageukia watu, na ile k aliitamka kama mtu anayegonga msumari. "Binti wa mmoja wao amesema. Walikoma hapa." Watu wakasema amina. Mkono wake ulikuwa umeshapanda kuita wimbo, na wimbo ukaanza, sauti za watu wote, na katikati ya wimbo niliona midomo ya Kogo ikiendelea kusema, mikono yake ikionyesha kitu kikiwekwa chini, watu wakiketi, watu wakienda. Waliokuwa karibu walidhani anaomba. Mmoja alimshika bega kumfariji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alimtaka aongee Kiswahili.

Wimbo ulipoisha, Mwalimu alinipa daftari. Nimewaza sana juu ya dakika ile, kwenye malori, kwenye vyumba vya kupanga, juu ya ngazi za watu nikiwa na brashi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wazi mbele yangu. Mdomo wa Kogo haukuweza kuwapa watu wale herufi waliyoihitaji, lakini wangu uliweza. Nililelewa nayo, imo ndani ya jina langu. Ilikuwa ni kusoma mstari mmoja na kubadilisha sauti moja. Niliwatazama. Walikuwa wamevua kofia. Nikamtazama Mwalimu, naye akanitikisia kichwa kwa upole, kama alivyonitikisia siku ya viazi. Nikasoma: "Walikoma hapa bila kulalamika."

Kogo hakukasirika, au hakunionyesha. Nilishuka naye na kigoda mpaka mlangoni. Pale akakichukua, akakifuta miguu kwa pindo la gauni. "Mokaka," akasema, "umesoma vizuri." Akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, kama kawaida, lakini mimi sikuingia.

Jioni hiyo Roret, watu wakila, nilimkuta Mwalimu uani akiosha miguu kwenye karai. Nilimwambia amenidanganya. Hakupandisha sauti. Alisema hakudanganya mtu, alirudia tu alichosema mama. Nikamwambia alijua mama atakachosema na jinsi atakavyokitamka. Akainua mguu mmoja, akaukausha katikati ya vidole. "Mzee, hawa watu juzi walikuwa wanakatana mapanga. Leo wanabeba gogo moja, na wanapita kwa chai ya watu kwa sababu tumesema walivumilia. Nikiwaambia waligoma, kesho nitawapitisha wapi? Na watabeba nini?" Alilitamka waligoma bila shida yoyote. Lilitoka safi. Jibu nililo nalo hata leo si zuri. Ninajua tu kwamba angeniambia hayo mwezi wa nane, chumbani, ningeyasikiliza. Pengine ningekubaliana naye. Aliona ni afadhali anitume nikamlete mkongwe kilimani kwa mikono yangu, na ahadi yangu mdomoni.

Niliondoka asubuhi yake kwa lori la ng'ombe lililokuwa linaenda Longisa. Sikumuaga. Kilima sijakipanda tena. Kogo nilisikia alifariki miaka mitatu baadaye, na sikujua ni nani wa kumpa pole.

Basi nilikwenda Londiani Ijumaa. Chumba cha nyuma ya kanisa sasa ni duka la mbegu. Tulikula wali na nyama kwenye turubai, na wazee wawili waliowahi kubeba gogo walinijua kwa sauti, wakanishika mikono, wakaniita Mokaka kwa furaha ya kweli. Kwenye kitabu cha mazishi kulikuwa na picha yake amevaa koti la kijivu, na chini yake: Alivumilia mpaka mwisho. Walipotafuta watu wa kubeba jeneza, mmoja wa wale wazee alinionyesha kwa kidole. Huyu alikuwa mtu wake, akasema. Ni yeye aliyekuwa anatusomea. Sikuweza kukataa mbele ya mjane na watoto, kwa hiyo niliingia chini, upande wa kulia, kwenye bega lilelile.

Kaburi lilikuwa chini ya shamba, na njia ilikuwa ya utelezi, imekanyagwa na ng'ombe. Tulikuwa wanane. Baada ya hatua chache miguu ilikutana, kumi na sita, sauti ileile. Bega likaanza. Nilijua sheria, na nilijua kwamba wale wazee nyuma yetu wanaijua, na kwamba nikinyamaza mmoja ataona, atanigusa mgongo. Nilisubiri mpaka kwenye ua wa mikuyu. Halafu nikasimama, na wengine ikabidi wasimame.

"Nipokeeni," nikasema.

Mtu aliyekuwa akifuata nyuma yangu mikono mitupu, mwanamume wa makamo wa kutoka Roret, aliinamisha kichwa kunitazama usoni. "Mzee," akauliza kwa sauti ya chini, "umekoma?"

"Nimegoma," nikamwambia. Ile g niliiweka mahali pake, polepole, sauti ya kusoma.

"Sawa," akasema, akitelezesha bega lake chini ya mahali pangu. "Kama umekoma, pumzika."

Nikatoka chini ya jeneza, nikakaa kwenye nyasi.